Kopo Nililolisingizia

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko karatasi hii itakavyoweza kubeba. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua, cherehani mpya imekubali mkono wako, na wazazi wa wanafunzi hawakupandii kichwani kudai sare kama mwaka jana. Mimi mwili ni mzima. Nakula, natembea, nakwenda kazini. Zaidi ya hapo sitasema, maana nimejiapiza kwamba barua hii haitakuwa na uongo hata mmoja, na ukiniuliza kama sijambo, sitakupa jibu la kawaida.

Shemeji ndiye anayekuletea. Anaondoka na basi la saa sita, kwa hiyo utaipata leo hii kabla jua halijazama. Nimeifunga kwa gundi na kumwomba asiifungue njiani. Amenicheka. Ameuliza tangu lini mtu na dada yake wanaandikiana barua kama wachumba wa zamani wakati simu zimejaa mifukoni. Nami nikacheka, kwa sababu kucheka ni rahisi. Jana nilikupigia mara mbili, ukapokea mara zote mbili, na mara zote mbili nikaongelea mvua. Kwenye simu mimi hushinda, dada. Unanijua. Mliniita Mbishi kabla sijamaliza kuota meno. Ungelia, ningeanza kujitetea, na baada ya dakika tano wewe ndiye ungekuwa unaniomba msamaha. Imeshatokea zaidi ya mara moja. Karatasi haiwezi kupandisha sauti juu ya sauti yako.

Nianze na mgonjwa wetu, binti yako. Bado yuko ghorofa ya pili, wodi ya wanawake, kitanda cha tatu kutoka dirishani. Anakwenda choo mara kumi na mbili, kumi na nne kwa siku, na damu haijakatika. Amekonda kiasi kwamba saa yake ya mkononi inapanda mpaka kwenye kiwiko. Muuguzi wa zamu ya asubuhi amempa jina la Mwanariadha kwa jinsi anavyokimbia koridoni huku anasukuma mlingoti wa dripu, na yeye humjibu kwamba mbio ameshakimbia za kutosha, sasa anasubiri medali. Ulimi haujaugua. Huo ameurithi kwako.

Siku ya kipimo cha kamera niliomba kusimama pembeni, wakaniruhusu kwa kuwa ni mtu wa hospitali. Nimetazama mengi kwenye hadubini kwa miaka ishirini na sita, lakini sikuwahi kutazama ndani ya mtoto niliyembeba mgongoni. Ukuta wa utumbo wake mpana ulikuwa mwekundu kama goti lililochubuka, na kila kamera ilipougusa, ulivuja damu. Hakikuwa kidonda kimoja cha kusema tutakitibu kipone. Ulikuwa utumbo mzima unaowaka. Daktari bingwa wa tumbo aliniambia jina la ugonjwa bila kunitazama usoni, nami nilikwisha kulijua kabla hajafungua mdomo.

Leo ni siku ya tatu anapewa kwa mshipa dawa kali ya kutuliza kinga ya mwili. Daktari wa upasuaji amekuja mara mbili. Mara ya pili alikuja na kalamu ya wino, akachora duara tumboni mwake, kulia, chini kidogo ya kitovu, mahali utakapokaa mfuko wa choo iwapo watalazimika kuutoa utumbo wote mpana. Alisema kuchora si kuamua. Binti akamuuliza kama wino ule unatoka kwa sabuni. Akasema unatoka. Tangu hapo kila akienda kuoga anausugua mpaka ngozi inakuwa nyekundu, na kila asubuhi wanakuja kuuchora upya. Keshokutwa watasema kama wanakata au hawakati.

Uliniuliza, ulipokuja kumwona, kama ni kitu ulichomlisha. Uliniuliza jikoni kwangu, ukiwa umenipa mgongo, unaosha kikombe ambacho kilikuwa safi. Sikukujibu sawasawa. Najibu sasa. Hapana. Wala si pilipili, wala si mawazo ya mitihani, wala si jicho la mtu. Na yule jirani yako anayekuletea unga wa kusafisha tumbo, mwambie kutoka kwangu kwamba utumbo si bomba la karo. Watu hao wameandika kwenye chupa zao kila neno isipokuwa neno sijui, na neno hilo ndilo la kwanza mtu mkweli angeliandika.

Sisi wenyewe hatujui vya kutosha. Tumboni mwa kila mtu wamo bakteria wasiohesabika, na wengi wao ni wapangaji wema. Wanachukua mabaki tuliyoshindwa kuyasaga, wanayachachusha, na katika kuchachusha wanatoa kitu ambacho ukuta wa utumbo unakula ili ubaki imara. Kwa wagonjwa wa aina ya binti yetu, wapangaji hao huwa wamepungua, na wameongezeka wengine wanaoguguna ute unaoufunika ukuta. Kinga ya mwili inaona uzio umekonda, inaingia vitani, na vita vyenyewe vinaunguza nyumba. Mpaka hapo hakuna mabishano. Mabishano ni nini kinatangulia. Je, bakteria hubadilika kwanza na kuuwasha utumbo, au utumbo huwaka kwanza kwa sababu nyingine, ndipo bakteria wanabadilika kwa kukosa pa kukaa?

Hapo ndipo nilipojenga jina langu, dada. Wewe ulisoma zile makala zangu katika jarida la wahudumu wa afya, ukazikata na kuziweka kwenye kabati pamoja na vyeti vya watoto. Niliandika kwamba bakteria ni waombolezaji, kwamba wanafika baada ya kifo na hawana hatia ya kuua. Daktari bingwa wa tumbo, huyu huyu anayemtibu binti yetu, alikuwa upande wa pili. Alisema huenda wanatangulia, na kwamba tusipowatazama watu kabla hawajaugua hatutajua kamwe. Mimi nikambatiza jina la Bibi Bakteria. Jina lilishika hospitali nzima. Mpaka wafagizi wakalitumia. Siku moja kwenye mkutano, mbele ya watu themanini, nilirudia maneno yangu ya waombolezaji, ukumbi ukacheka. Yeye alisubiri kicheko kiishe, akasema kwa upole kwamba mheshimiwa mkuu wa maabara amesahau jambo dogo, kuna waombolezaji wengine hufika msibani kabla mtu hajafa, na hao ndio polisi huwa na maswali nao. Walicheka mara mbili ya walivyocheka kwangu, tena wakampigia makofi. Niliondoka pale nimeapa kumzika.

Basi nikaanzisha utafiti. Nilihitaji choo cha wagonjwa thelathini na choo cha watu ishirini wazima wa afya, wa kulinganisha nao. Sasa nikwambie siri ya maabara zote nilizowahi kufanya kazi. Hatwendi mbali kutafuta mtu mzima wa afya. Mashine mpya ikifika, tunaijaribu kwa damu zetu. Kitu kipya kikihitaji mkojo, aliye karibu anapewa kikombe. Kwa hiyo watu wazima ishirini walikuwa sisi wenyewe, wake zetu, dada zetu, wapwa zetu. Hakuna aliyewapima kwanza kuhakikisha kwamba ni wazima. Walikuwa wazima kwa sababu walikuwa wetu.

Ndipo nikaja kwako na boksi la barafu na makopo. Ulinikaribisha kwa kusema miaka yote ile ya kusomeshwa, mdogo wangu, kumbe ulikuwa unakwenda kujifunza kuja kuomba mavi ya dada yako. Binti alikuwa na miaka kumi na sita, nahodha wa timu ya mpira wa pete, mapaja yamejaa nguvu. Alikubali kwa sharti kwamba nisimwambie mtu yeyote shuleni.

Choo tulikipeleka kwenye maabara kubwa inayosoma vinasaba vya bakteria. Majibu yakarudi kama michoro, mstari mmoja kwa kila mtu, kila aina ya bakteria na rangi yake. Mistari ya watu wazima ilikuwa na rangi nyingi zilizopangana. Ya wagonjwa ilikuwa na rangi tatu nne tu, moja imemeza nusu ya mstari. Kumi na tisa kati ya watu wazima walikaa kule nilikowataka. Kopo namba kumi na nne halikukaa. Lilikuwa na sura ya wagonjwa, waziwazi kabisa, kana kwamba kuna mtu amelichukua wodini na kulibandika namba yetu.

Unalijua lilikuwa la nani. Nilikupigia siku hiyo hiyo kukukaripia. Nilisema uliliacha kopo la mtoto mezani kwenye joto, bakteria wakazaliana ovyo, umeniharibia kazi. Uliapa kwamba uliliweka kwenye friji kabla hata hujanawa mikono. Nilicheka. Mbele ya ukoo mzima, siku ile tulipokutana kwa mjomba, nilikisimulia kisa hicho kwa mbwembwe, wakakuita Mama Kopo mpaka jioni. Ulicheka nao. Halafu ulisema kichwa kinakuuma ukaondoka mapema, na mimi nikasema mbele yao kwamba dada siku hizi hataniki.

Namba kumi na nne niliitoa. Niliandika kwamba sampuli moja iliharibika kutokana na utunzaji. Matokeo yangu yakawa safi kama sahani: wagonjwa huku, wazima kule, hakuna aliyekaa katikati, hakuna aliyetangulia. Nilipongezwa. Daktari aliuliza swali moja tu, kwamba ile iliyoharibika iliharibikaje, nikamjibu kwamba si kila mama wa nyumbani anajua kusoma kipimajoto. Ukumbi ukacheka tena, safari hii upande wangu.

Mwaka jana, binti alipokuwa ameshahamia kwangu kwa ajili ya chuo, alianza kulalamika tumbo. Mimi, bingwa, nikasema amiba. Nikampima mwenyewe, sikuona amiba hata mmoja, nikampa vidonge vya amiba hata hivyo. Vilipoisha nikampa tena vingine vikali zaidi. Dawa hizo haziulizi bakteria yupi mwema na yupi mbaya, zinafyeka tu. Damu aliificha miezi minne, kwa aibu. Alikuwa anafua chupi zake mwenyewe na kuzianika ndani ya kabati. Mimi naishi kwa kutazama choo cha watu, nimekaa naye nyumba moja, na sikujua.

Sasa dada, shika barua vizuri.

Ndani ya lile boksi la barafu kulikuwa na kifaa kidogo, kama kitufe cha koti, kinachoandika joto kila baada ya dakika tano. Sikukwambia kwa sababu si kazi ya mtoa sampuli kujua. Kila kopo lililoingia boksini lilikuwa na kibandiko ambacho nacho hugeuka rangi likipata joto. Siku majibu yalipokuja, kabla sijakupigia, nilitoa kumbukumbu za kifaa nikazisoma. Joto halikupanda hata mara moja. Kibandiko cha kopo namba kumi na nne kilikuwa na rangi ile ile kiliyotoka nayo kiwandani. Kopo la mtoto wako lilitunzwa vizuri kuliko yote ishirini, kuliko hata la kwangu. Nililijua hilo nikiwa na simu mkononi. Ndipo nikabonyeza namba yako na kuanza kukufokea.

Usiseme nilipitiwa. Nilikaa na karatasi ile mezani muda wa kutosha kunywa chai nzima. Niliwaza kwamba ningeweza kuisema hadharani na bado nikabishana, ningeweza kudai kwamba huyu hapa mtu mzima mwenye bakteria wabaya na hana ugonjwa, basi bakteria hawana kesi. Lakini nilijua daktari angejibu neno moja tu: mfuatilieni. Angemtaka binti kila miezi sita, apimwe choo, apimwe damu, atazamwe. Na kama angeugua, mimi ningekuwa nimeshindwa mbele ya watu themanini. Nilipima vitu hivyo viwili, dada, afya ya mpwa wangu na maneno yangu ya waombolezaji. Nikachagua maneno.

Sidai hata leo kwamba bakteria ndio waliomwasha. Sijui. Jana nilikwenda ofisini kwa daktari nikamwekea mezani kumbukumbu za joto na ule mchoro. Nilitegemea anitukane, ningefarijika. Aliutazama mchoro, akasema mtu mmoja hathibitishi kitu, kwamba wapo wanaotembea na bakteria wa namna hiyo mpaka uzeeni bila kuugua, na kwamba pengine ugonjwa ungekuja tu. Kisha akaongeza kwamba kuna kipimo chepesi cha choo kinachoonyesha uvimbe mapema sana, kabla ya damu, na kama binti angekuwa anafuatiliwa, dawa zingeanza wakati utumbo bado una nguvu ya kuzipokea. Alisema huenda kalamu ya mpasuaji isingefika tumboni mwake. Alisema huenda. Hakuniita jina lolote. Aliniuliza kama kuna mwingine.

Yupo, dada. Hilo ndilo lililonikalisha niandike.

Utakumbuka kwamba siku ile boksini ulitia makopo matatu. Lako, la binti, na la tatu la mdogo wake, Kitinda, ambaye alikuwa na miaka minane na alilia mpaka akapewa kopo lake, akalibandika stika ya nyota na kuandika jina lake kwa kalamu ya rangi. Utafiti haukuhitaji watoto wadogo. Tulicheka, tukalitia friza pamoja na akiba nyingine, likasahaulika. Wiki tatu zilizopita, kamera ilipotoa jibu la dada yake, nilifungua friza saa ya chakula, wenzangu wakiwa kantini. Nyota bado ilikuwa imeng'ang'ania. Nililipeleka likasomwe, pamoja na ile nusu ya akiba ya kopo namba kumi na nne. Majibu yote mawili yalikuja jana asubuhi. La dada yake ni lile lile la miaka mitatu iliyopita. La Kitinda ningeliweka juu ya la dada yake, usingejua lipi ni la nani.

Mwezi uliopita ulinieleza, kama utani, kwamba Kitinda ameanza kuumwa tumbo kila asubuhi ya shule, na kwamba uvivu wa siku hizi una ratiba. Nilicheka nawe. Nakuomba usicheke tena.

Nimewaandikia wahariri wa jarida waitangaze makala yangu kuwa ni batili, na mganga mkuu nimempa nakala. Watanifanya watakalonifanya. Barua hii nimeiandika kwa mkono na kuitia sahihi. Ipeleke popote utakapo, msomee mjomba, wasomee wote waliokuita Mama Kopo. Shemeji, baba yao, mwambie wewe. Mimi nimemwogopa. Binti nimemwambia leo asubuhi. Aligeukia ukutani, nikadhani amelala. Kisha akaniuliza kama mama anajua habari za Kitinda. Nikasema bado. Akasema, basi mjomba, ondoka hapa ukamwambie, ya kwangu mimi na wewe tutayaongea nikiwa na nguvu za kukuchukia vizuri.

Basi la kuja huku lipo Jumapili asubuhi. Daktari atamwona Kitinda Jumatatu saa mbili, amemwandika yeye mwenyewe kwenye daftari lake kwa mkono wake, ingawa siku hiyo haoni watoto. Asipewe dawa yoyote kabla ya hapo, wala ya amiba, wala ya minyoo, wala unga wa jirani. Mwambie anakuja kumwona dada yake. Si uongo. Kwangu pana chumba. Kama hutaki kulala chini ya dari yangu, mke wangu ameshaongea na rafiki yake anayeishi karibu na hospitali, na nitaelewa.

Nisalimie mafundi wako wawili, msalimie na mama mkwe wako, mwambie dawa zake za presha nimempa shemeji. Mke wangu anakusalimu sana. Anajua yote tangu jana.

Kabla hujaikunja karatasi hii, mwite Kitinda. Watoe wengine nje, mkae wawili, umuulize polepole kama ameona damu. Muulize mara ya pili akikataa. Kisha fungua kabati lake. Ukikuta nguo zimeanikwa humo, msisubiri Jumapili.

Ni mimi mdogo wako,
Mbishi